Mpini Uliojaa Chumvi

Paukwa!

Pakawa!

Nani huyo ameitikia na muhogo mdomoni? Meza kwanza, mwenzangu, nitakungoja. Umemeza? Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, zamani hasa, wakati chumvi ilifuatwa kwa mwendo wa siku saba kwenda na siku saba kurudi, palikuwa na kijiji kando ya mto. Jina la kijiji limepotea. Jina la mto limepotea pia. Lililobaki ni jina la mtu mmoja, Mzee Semkiwa, na watu wakimtaja husema, "Yule mwenye busara."

Lakini yeye mwenyewe, akilisikia neno hilo, alikuwa akicheka mpaka anakohoa.

"Busara gani?" alikuwa akisema. "Mimi niliutumia ujinga wangu bila kubania, ukaniishia. Kilichobaki ndicho mnachokiita busara."

Sasa sikilizeni ulivyomwishia.

Semkiwa alikuwa fundi wa mipini. Chuma hakufua yeye. Chuma alifua shemeji yake, Sechonge mhunzi, kaka wa mkewe, mtu mfupi mwenye mikono kama mizizi. Ngo! Ngo! Ngo! Sechonge anafua. Kisu kinatoka motoni kiko uchi: mbele makali, nyuma mkia. Mkia ndio ule ulimi wa chuma unaozama ndani ya mpini, ndio unaoshikamanisha kisu na mkono wa mtu. Sechonge alipenda kuuacha mrefu, shubiri nzima. Kisha kisu kinapelekwa kwa Semkiwa. Kwaru, kwaru, kwaru. Semkiwa anachonga, kisu kinavaa.

Na mipini yake ilikuwa mizuri, jamani! Ya mpingo mweusi, mviringo kama mwanzi, imesuguliwa kwa nta mpaka nzi akitua anateleza. Ukiutazama mpini wa Semkiwa unaona uso wako. Semkiwa alikuwa akiutazama mara kwa mara.

Nyumbani kwake palikuwa na kisu kimoja tu ambacho hakukivika yeye. Kilikuwa cha mkewe, Bi Mwanamvua. Bi Mwanamvua alijichongea mpini mwenyewe kwa kipande cha mkwaju, akauzungushia ukindu ukakaza. Ulikuwa bapa mbavuni, umetuna tumboni, na mwisho wake una kinundu. Moshi wa jikoni ulikuwa umeupiga mpaka hujui rangi yake.

"Mke wangu, kifiche hicho," Semkiwa alikuwa akimwambia wageni wakija. "Watu watasema fundi wa mipini anaishi na mguu wa bata."

"Mguu wa bata ndio unaokata mboga unazokula," Bi Mwanamvua anamjibu, na hainui kichwa. Cha, cha, cha, anaendelea kukata.

Basi siku moja Semkiwa akapata wazo. Wazo baya halibishi hodi likiwa limevaa matambara, wenzangu, huja limejipamba. Semkiwa alikuwa ameshika mpini mpya, anaugeuza huku na huku, akajisemea: mpini mnene wote huu, ndani ni mti mtupu. Mtu akipotea porini, mti mtupu utamfaa nini? Kwa nini mpini usiwe ghala?

Akautoboa. Kirr, kirr, kirr. Akatia ndani gumegume la kuwashia moto. Akatia sindano ya mfupa na uzi wake. Akatia ndoana. Akataka kutia chumvi, chumvi ikakosa pa kukaa, maana mkia wa Sechonge ulikuwa umejaa shimo lote.

Semkiwa akautazama mkia. Akauwaza shubiri nzima ya chuma, imelala humo ndani gizani, haionekani na mtu, haisifiwi na mtu. Akaupasha moto, akachukua patasi, akaukata. Ukabaki mfupi kama pingili ya kidole gumba. Akaugandisha mdomoni mwa mpini kwa utomvu mweusi, akajaza chumvi, akafunga kizibo cha pembe. Hakumwambia mtu. Na katika wote ambao hakuwaambia, wa kwanza ni Sechonge.

Kijiji kikavurugika. "Kisu chenye ghala! Mmekiona kisu chenye ghala?" Wazee wakaja kukishika. Akina mama wakaja kukicheka, wakaishia kukishangaa. Na wawindaji sita, vijana wa watu, wakaleta visu vyao wavikwe vivyo hivyo. Semkiwa akavipokea. Akakata mikia sita.

Mwaka huo daraja la kamba lilikuwa limechakaa, na masika yamekaribia, na mashamba yako ng'ambo ya mto. Daraja likikatika, kijiji hakivuni. Wazee wakakaa kikao: nani waende msituni, mwendo wa siku moja, wakakate kamba-pori za kufumia daraja jipya? Ikasemwa waende watu watatu wenye shoka na mapanga.

Semkiwa akasimama.

"Shoka la nini?" akasema. "Panga la nini? Mtachosha mabega ya watu bure. Mimi na kisu changu tunatosha. Kisu hiki kina moto ndani, kina samaki ndani, kina chumvi ndani!"

"Samaki yumo humo ndani?" akauliza Sechonge.

"Ndoana, shemeji. Samaki yuko mtoni."

Watu wakacheka. Sechonge naye akacheka. "Vema," akasema. "Nitafuatana nawe. Chuma ni changu, nami nataka nikione kikifanya kazi. Sitabeba hata kijembe."

"Na mimi nakwenda," akasema Bi Mwanamvua kutoka nyuma. "Kamba nzuri nazijua, na nyinyi mtahitaji kula." Akatia kapuni chungu kidogo na unga. Chini ya unga akatia mguu wa bata. Semkiwa alimwona, akakohoa tu.

Wakatoka alfajiri. Nikisema siku hiyo kisu kilimwaibisha Semkiwa nitakuwa mwongo. Walipofika kijito cha msituni alifungua kizibo, akatoa ndoana na uzi, akavua kambare wawili. Akatoa gumegume, ka! ka!, moto ukawaka. Akatoa chumvi, akanyunyiza. Wakala samaki wa chumvi katikati ya msitu kama watu waliokuja harusini.

"Sasa semeni," Semkiwa akasema, analamba vidole.

"Samaki mtamu," akakiri Sechonge.

"Si samaki, shemeji. Mpini!"

Bi Mwanamvua alikuwa anatoa miiba kwenye meno. 

Siku ya pili mvua ikawakuta kazini. Kwanza ndo, ndo, ndo. Kisha waaa! Majani yakalowa, kamba zikalowa, mikono ikalowa, na mpini wa mpingo uliosuguliwa kwa nta ukawa kama mlenda. Semkiwa akapiga kamba ya kwanza. Mkono ukateleza mbele, fyu, ukakutana na makali. Damu ikatoka kidole gumba.

"Nini hicho?" akauliza Sechonge.

"Mbu."

"Mbu?"

"Mbu wa huku wana meno," akasema Semkiwa, akafunga kidole kwa jani.

Akapiga tena. Mpini ulikuwa mviringo, na kitu cha mviringo hakina mbele wala nyuma. Ukageuka kiganjani. Kisu kikaipiga kamba kwa ubapa, pa! kama mtu anayempiga mtoto kofi la kumbembeleza. Akapiga tena, pa! Akakasirika, akavuta mkono mbali, akapiga kwa nguvu zote. Kisu kikageuka hewani, kikaikosa kamba ya porini, kikaipata kamba iliyofunga nguo yake kiunoni. Hiyo ikakatika mara moja, safi kabisa.

Nguo ikashuka.

Sechonge akageukia mti, mabega yanamtetemeka. Bi Mwanamvua akatazama juu kama mtu anayehesabu ndege.

"Angalau tumejua kina makali," akasema Bi Mwanamvua.

Kusema kweli Semkiwa alianza kuona wakati ule. Jambo lilikuwa wazi kama jua la mchana: alikuwa amechonga kitu cha kutazamwa, wala si kitu cha kushikwa. Lakini mtu aliyesimama mbele ya kijiji kizima akasema shoka la nini, panga la nini, hawezi kuona upesi. Aliona polepole. Akajifunga nguo kwa kamba-pori, akaendelea. Mpaka jua linaanza kushuka kamba zikawa zimetosha. Wakazikunja mzigo mkubwa, Sechonge akajitwika, wakashika njia ya nyumbani.

Sasa njooni karibu.

Kile kijito walichovulia kambare jana kilikuwa kimefika magotini. Leo kimefura, chekundu, kinanguruma. Mzee Semkiwa akavuka wa kwanza, maji kiunoni. Bi Mwanamvua akafuata. Sechonge akaja na mzigo kichwani. Alipofika katikati akakanyaga jiwe la utelezi. Puu! Akaanguka, mzigo ukafunguka, kamba zikatapakaa majini kama nyoka. Zikamzunguka mguu, zikazunguka kisiki kilichokuwa chini, maji yakazivuta, zikakaza.

Sechonge akajaribu kusimama. Mguu haukuja. Akajivuta. Mguu haukuja. Maji yalikuwa yanapanda.

"Shemeji!" akaita. "Njoo unikate!"

Bi Mwanamvua alitangulia kurudi majini. Akasimama nyuma ya kaka yake, akamshika kidevu kwa mikono miwili, kichwa kikae juu. Semkiwa naye akaingia, kisu mkononi. Akapapasa chini, akaipata kamba, akaingiza kisu kati ya kamba na kisiki, akakaza mkono kama mtu anayebandua jiwe.

Kachu!

Mkono ukawa mwepesi ghafla. Kisu kimechomoka mpinini. Chuma chote, makali yote, kimekwenda na maji.

Semkiwa akasimama na mpini wake. Ulikuwa bado unang'aa.

"Umekata?" akauliza Sechonge. Maji yalikuwa kifuani.

"Bado."

"Mbona umesimama? Umeshika nini?"

Semkiwa akafungua mdomo. Alitaka kusema jambo la maana. Likatoka la kweli.

"Chumvi."

"Chumvi?" Sechonge akabweka. "Semkiwa! Mimi nazama, wewe unanikoleza?"

Hapo Semkiwa hakuona cha kucheka. Kuna baridi ya maji na kuna baridi ya mtu anayejua alichokifanya. Aliona patasi, aliona moto, aliona kile kipande cha mkia kikianguka chini kwenye vumbi la banda lake.  Angekaa pale pale majini kama si sauti ya mkewe.

"Mzee wangu! Kapuni! Mimi siwezi kumwachia!"

Kapu lilikuwa ukingoni, alipoliacha. Semkiwa alikimbia kwenye maji kama anakimbia nchi kavu, akaanguka, akainuka, akalimwaga kapu. Chungu huko, unga huko. Akaokota mguu wa bata. Aliporudi maji yalikuwa yamefika kidevuni kwa Sechonge, na Bi Mwanamvua amekiinamisha kichwa cha kaka yake nyuma, pua imetazama mbinguni.

Semkiwa akavuta pumzi, akazama.

Huko chini hapakuwa na kuona. Matope matupu. Lakini mkono wake uliposhika ule mpini, wenzangu, mkono ulijua. Zile mbavu bapa zilimwambia: makali yako huku. Ukindu uliolowa ulimng'ang'ania kiganja. Lile tumbo lilijaa kwenye ngumi, vidole vyote vinne vikapata pa kukaa. Na alipovuta, kile kinundu cha mwisho kilishika kwenye kidole cha mwisho, kikasema: huendi popote. Akakata. Akaibuka, akavuta pumzi, akazama. Akakata. Akaibuka. Sasa pua ya Sechonge haikuonekana tena, mikono ya Bi Mwanamvua tu. Akazama mara ya tatu, akaweka makali kwenye kamba, akavuta kwa mwili wote.

Ka!

Mguu ukatoka. Wakamburura Sechonge mpaka ukingoni, wakamlaza kifudifudi, akatapika maji, akatapika tena, akakohoa, akavuta pumzi. Bi Mwanamvua akakaa chini akalia, kimya kimya, mkono juu ya mgongo wa kaka yake.

Muda ukapita. Sechonge akakaa.

"Nipe huo mpini," akasema.

Semkiwa akampa. Sechonge akautazama ule mdomo uliobaki wazi, akaingiza kidole, kidole kikazama ukucha tu, kikagota. Mtu aliyefua chuma maisha yake yote hahitaji kuelezwa mara mbili.

"Mkia wangu uko wapi?"

"Niliukata."

"Kwa nini?"

Semkiwa alitamani kungekuwa na jibu jingine. "Ili chumvi ienee."

Sechonge akaurudisha mpini. Akaokota kamba zilizosalia, akajitwika, akatangulia. Hakusema neno siku ile. Hakusema neno siku iliyofuata, njia nzima. Semkiwa alizoea matusi ya shemeji yake, utani wao ulikuwa wa tangu ujana, na sasa angetoa kila alicho nacho apate tusi moja tu.

Walipokaribia kijiji, Bi Mwanamvua alimsogelea.

"Mzee wangu, watakuuliza kisu kiko wapi. Waambie kimepotea mtoni. Si uongo."

"Si uongo," akasema Semkiwa.

Akayabeba maneno hayo kwa furaha kama mtu aliyepewa mwamvuli. Kimepotea mtoni. Kweli kabisa. Mito hupoteza visu kila siku.

Kijiji kikawapokea kwa vigelegele. Kamba zimekuja! Pombe ilikuwa imeiva, mtungi umewekwa uwanjani. Watu wakaimba, "Semkiwa na ghala lake! Semkiwa na ghala lake!" Na mzee mmoja akauliza, kama ilivyotabiriwa, "Kisu kiko wapi?"

Semkiwa akafungua mdomo aseme. Hapo akawaona wawindaji sita wamesimama pembeni, visu viunoni, mipini inang'aa. Walikuwa wamefunga mbwa kamba. Kesho alfajiri wanakwenda kuwinda nguruwe-mwitu.

 Kisha akakaa chini, hapo hapo uwanjani, vumbini.

"Kisu kimezama," akasema. "Na Sechonge nusura azame. Mimi ndiye niliyemzamisha."

Watu wakacheka. Wakadhani anatania. Semkiwa alikuwa mtani siku zote.

"Msicheke bado," akasema, "nitawaambia mahali pa kucheka. Niliutoboa mpini nikaukata mkia wa kisu. Kwa nini? Niweke chumvi. Nikausugua kwa nta ung'ae. Kwa nini? Nijitazame. Mvua iliponyesha ukaniteleza nikajikata, nikasema ni mbu. Hapo chekeni. Ukageuka mkononi ukanikata kamba ya nguo, nikabaki kama nilivyozaliwa mbele ya shemeji. Hapo chekeni sana. Halafu maji yakamfika shemeji yangu kifuani, nami fundi mkuu nimesimama mbele yake nimeshika chumvi. Hapo msicheke. Nyinyi sita, leteni visu."

Watano wakatazamana, wakavifungua viunoni. Wa sita, kijana mmoja jina lake Mnkande, akakishika chake kwa mikono miwili.

"Mzee, changu ni kizuri," akasema. "Huenda chako kilikuwa na kasoro yake."

"Kizuri ni kizuri," akasema Semkiwa. "Niazime tu."

Akaomba mafuta, akajipaka viganja, maana jasho na damu huteleza vivyo hivyo. Akavuta gogo la kuni. Akapiga. Pa! Kisu kikageuka. Akapiga tena, akakaza. Kachu! Chuma kikaruka juu, kikapinduka kwenye jua, kikaangukia kwenye mtungi wa pombe. Chubwi!

 Mnkande akakaa chini karibu na Semkiwa, vumbini vilevile.

"Kesho ningekuwa mbele ya nguruwe dume," akasema taratibu.

"Ungekuwa nayo chumvi," Semkiwa akamwambia.

Hapo ndipo kicheko kilipopasuka, na hakikuisha siku ile wala mwezi ule. Watoto wakatunga wimbo wa Semkiwa na chumvi yake, wakawa wanamwimbia akipita. Wimbo ulikuwa na ubeti mmoja. Semkiwa aliona haujatosha, akawatungia wa pili, ule wa kamba ya nguo.

Kisha akaenda jikoni kwa mkewe.

"Nifundishe," akasema.

"Nikufundishe nini mimi? Wewe ndiye fundi."

"Mama, nimekuja na aibu yangu yote, usinidai na nyingine."

Bi Mwanamvua akamkabidhi kisu na furushi la mboga. "Kata. Ukichoka, niambie umechoka wapi."

Akakata. Cha, cha, cha. Siku ya kwanza akachoka hapa, chini ya kidole gumba. Mkewe akasema, "Ndiyo maana nimeupa tumbo." Siku ya pili akapasua kambare, mikono utelezi mtupu, kisu hakikusogea. "Ndiyo maana nimeuvika ukindu." Akakata mboga msimu mzima, mzee mwenye mvi, amekaa na wanawake, wanamcheka na yeye anawachekesha. Wale wawindaji waliazima mikuki wakasubiri.

Lakini visu sita vilihitaji mikia, na mikia inatoka kwa mhunzi, na mhunzi hasemi naye. Semkiwa akavifunga kwenye jani, akaenda kuviweka kwenye kizingiti cha Sechonge, akaondoka. Baada ya siku tatu akasikia kutoka mbali, ngo! ngo! ngo! Vikarudi vikiwa na mikia mipya, mirefu, shubiri nzima. Havikurudi na neno. Bi Mwanamvua aliviweka mbele ya mumewe akasema, "Hajambo." Basi.

Semkiwa akachonga. Mkwaju, bapa mbavuni, tumbo katikati, kinundu mwisho, na mbele akaacha kiukingo kidogo kidole kisivuke kikaenda kwenye makali. Mkia akauzamisha wote mpaka ukatokea upande wa pili, akaukunja hapo. Hakusugua kwa nta. Kila mwindaji alipokuja kuchukua chake, Semkiwa alimpaka mafuta mikononi, akamwambia afumbe macho, akampa kisu kinyumenyume, akamuuliza, "Kisu kinatazama wapi?" Akijibu sawa, achukue. Akikosea, Semkiwa anaanza upya. Mnkande alimrudisha kazini mara nne, na Semkiwa akamshukuru mara nne.

Wakaenda kuwinda. Wakarudi sita.

Masika yakapita, daraja jipya likasimama, watu wakavuna. Asubuhi moja Semkiwa amekaa bandani anachonga, akaona kivuli mlangoni. Alikuwa Sechonge. Ameshika kitu kimefungwa kwa gome la mti. Akaingia, akakaa kwenye kigoda, akakifungua, akakiweka chini katikati yao.

Kilikuwa kisu kipya. Makali yake shubiri moja. Mkia wake shubiri nne.

Semkiwa akautazama. Akautazama tena.

"Ukate huo," akasema Sechonge, "kama una patasi ya kutosha."

Semkiwa akajaribu kujizuia asicheke. Akashindwa. Kicheko kikaanzia tumboni, kikapanda, kikatoka na machozi. Hakujua ni machozi gani.

"Shemeji," akasema alipopata pumzi, "mkia huu, mpini wake utakuwa mrefu kama mchi."

"Basi utautwangia," akasema Sechonge. "Ukishindwa kisu, uwe na kazi."

Wakakaa wakicheka, wazee wawili, mpaka Bi Mwanamvua akaja kuchungulia. Kisha Sechonge akachukua kipande cha mkaa cha kuchorea, akakiweka juu ya ule mkia.

"Nikukatie wapi?" akauliza. "Nataka uniambie wewe, nisikie."

Semkiwa akamwashiria mlangoni. "Muulize dada yako. Mimi nachonga tu."

Bi Mwanamvua akainama, akapima kwa mkono wake mwenyewe, vidole vinne na nafasi ya kidole cha tano, akachora mstari. Sechonge akaupasha moto, akaukata kwa patasi papo hapo, mbele ya macho yao wote watatu.

Hivyo ndivyo alivyokuwa Mzee Semkiwa. Nanyi mtakaotengeneza kitu chochote kitakachoshikwa na mkono wa mwenzenu, nawaambia: makali husifiwa uwanjani, mpini hujulikana hatarini. Na anayekubali kuchekwa mapema huwaepushia wengi kilio.

Mimi nimeishiwa maneno, na hadithi yangu imekomea hapo. Ikiwafaa, ni ya Semkiwa. Nilipoiharibu, nichekeni mimi.